Sangara wa usiku kwa inzi wa manyoya: cha kubeba na cha kuacha nyumbani

Ukisoma maandishi ya wavuvi wa Ulaya kuhusu kuvua usiku kwa inzi wa manyoya, karibu wote wanaanza na nasaha ileile: kaa chini usubiri. Huko Wales, ambako watu huvua trauti wa baharini usiku wa Juni na Julai, jua likishazama mwanga hubaki angani kwa muda mrefu, na mvuvi anayejiheshimu harushi mshipi mpaka rangi ya majani ya ng'ambo ipotee kabisa. Ana muda wa kunywa chai, kufunga fundo, kulifungua na kulifunga upya. Sisi Uganda hatuna starehe hiyo. Ikweta imetupitia tumboni. Jua linazama kwenye saa moja hivi jioni, Januari kama Julai, na ukizubaa nusu saa tu huioni ndoano iliyo kwenye kiganja chako. Kwa hiyo maamuzi yote ya vifaa ni lazima yawe yamekwisha kabla jua halijagusa milima ya Kongo.

Nasema milima ya Kongo kwa sababu maji yangu ni Ziwa Albert, upande wa Wanseko, pale Nile ya Victoria inapoingia ziwani, kushuka hadi Butiaba. Ni mahali ambapo utasikia Kigungu, Kialur na Kiswahili cha ng'ambo katika mashua moja, na kila mtu akaelewa. Sangara wa hapa ni wenyeji. Wale wa Ziwa Victoria, ambao Waganda huwaita mputa, waliletwa na watu miaka ya 1950 na 1960. Kwa nguvu zao wenyewe wasingefika, maana maporomoko ya Murchison, pale mto mzima unapobanwa kwenye ufa wa mita 7 hivi na kuanguka zaidi ya mita 40, hayapandwi na samaki.

Vijana wanaoniona na fimbo yangu mwaloni, pale mashua zinapofikia nchi kavu, huuliza swali moja: ninunue nini? Jibu langu huwakera kidogo, kwa sababu sehemu kubwa yake ni orodha ya vitu vya kutonunua. Maduka ya uvuvi huuza vitu vya macho: mishipi ya rangi ya chungwa inayong'aa, inzi wenye madoa ya ustadi mkubwa, fimbo zenye maandishi ya dhahabu. Usiku vyote hivyo ni vyeusi. Kila kifaa mimi nakipima kwa kipimo kimoja: nikifumba macho, mkono wangu utakijua? Sikio langu litakisikia? Kisipopita hapo kinabaki nyumbani, hata kama kilikuwa cha bei mbaya.

Kwa ambaye hajawahi kuuona uvuvi huu, nieleze kwa kifupi. Katika uvuvi wa fimbo wa kawaida, chubwi au chambo kizito ndicho kinachobeba mshipi kwenda mbali. Hapa ni kinyume. Inzi ni ndoano iliyofungwa manyoya na nywele, haina uzito wa kutajika. Mshipi wenyewe ndio mnene na mzito, na ndio unaorushwa nyuma na mbele mpaka ukanyooka juu ya maji. Fimbo hupangwa kwa namba, na namba hiyo kwa hakika ni ya uzito wa mshipi: futi 30 za kwanza za mshipi namba 8 zina gramu 13 na nusu hivi, za namba 10 gramu 18, za namba 12 karibu gramu 25.

Kwa sangara wa usiku mimi natumia namba 10. Najua wapo watakaosema namba 12, wakinitajia yule sangara wa kilo 104 aliyevuliwa Ziwa Nasser kule Misri mwaka 2000, ambaye ndiye anayeshikilia rekodi ya dunia. Sawa. Lakini samaki wengi wanaokuja karibu na taa za mashua za wavuvi usiku ni wa kilo chache, na fimbo ya namba 12 ukiirusha kuanzia saa mbili hadi saa saba, bega litakukumbusha wiki nzima. Kilicho muhimu kuliko namba ni ulaini. Fimbo nyingi za kisasa ni ngumu, zimetengenezwa kwa mtu anayerusha mita 30 mchana huku akiutazama mshipi wake nyuma. Gizani huoni nyuma. Unachohitaji ni fimbo inayopinda hadi karibu na mkono, ili kiganja kikuambie kwamba mshipi umenyooka huko nyuma na sasa unaweza kuupeleka mbele. Ukiwa na fimbo ngumu tayari, usiiuze. Iwekee mshipi wa namba moja juu yake, wa 11 kwenye fimbo ya 10, nayo italainika. Umbali wa mita 12 hadi 15 unatosha kabisa. Usiku samaki haogopi mashua kama anavyoiogopa mchana.

Mshipi ndio ninaotaka kuuzungumzia kwa kirefu, kwa sababu ndio unaokaa kwenye vidole vyako usiku kucha. Uelee au uzame? Mimi naanza na unaoelea. Unaozama huvua vizuri zaidi kwenye kina, hilo silikatai, lakini hujui uko wapi, umekunjika vipi, umepita chini ya mashua ya nani. Unaoelea ukiuinua juu ya maji unainuka wote. Na unaweza kuufundisha kuongea. Pale kichwa kizito cha mshipi kinapokwisha, nimezungushia uzi mwembamba wa nailoni mara kadhaa, nikaukaza na kuupaka gundi. Uvimbe unaotokea ni mdogo kuliko punje ya mtama. Ninapouvuta mshipi kwa mkono wa kushoto, uvimbe ule ukapita chini ya kidole cha shahada, najua zimebaki nje mita 10 na kidogo, uzito unaofaa kuinuliwa. Nainua, narusha nyuma mara moja, napeleka mbele. Hakuna kuhesabu wala kuwasha taa. Wakati wa kupeleka mbele naupindisha mkono kidogo ili mzunguko wa mshipi uwe mpana, maana mzunguko mwembamba, ule unaosifiwa mchana, ndio unaoleta inzi kwenye sikio.

Kuna wanaotaka mishipi inayong'aa gizani yenyewe. Nimeiona ikitumika. Inapendeza macho, na macho ndiyo tunajaribu kuyapumzisha.

Rili iwe na sauti. Siku hizi rili za gharama zimefanywa kimya, na kimya kinahesabiwa kuwa ubora. Usiku mimi nataka rili inayolia trrr kila mshipi unapotoka, kwa sababu kwa mlio huo najua samaki anakwenda kasi gani, na ukibadilika najua amegeuka. Breki yake ikazwe mchana, kwa kuvuta mshipi kwa mkono mpaka uridhike, kisha usiiguse tena. Nyuma ya mshipi kuwe na uzi wa akiba usiopungua mita 150.

Kwenye ncha, pale mshipi mnene unapoishia, ndipo Wazungu huweka nailoni nyembamba inayopungua unene taratibu, mita 3 au zaidi, ili trauti asishtuke. Sahau. Usiku samaki hachunguzi unene wa nailoni. Mita moja na nusu ya nailoni nene, inayohimili kilo 30, inatosha, na unene huo una sababu: sangara hana meno ya kukata, ana midomo iliyojaa vijino vidogo vinavyosaga, na nailoni nyembamba ikisuguliwa hapo dakika tano inakatika. Ngassa ndiye mwenye meno ya kukata. Tunao Albert, na akipita yeye nailoni ya unene wowote haina kazi, ndipo unahitaji kipande cha waya. Waya wa dukani ni mzuri. Nyuzi zinazotoka ndani ya waya wa breki ya baiskeli nazo zinafaa, ingawa ni kaidi kuzifunga. Mimi nafunga vipande vyote nyumbani, kila kimoja na inzi wake, nikavizungushia kwenye kipande cha sponji. Usiku nikikatikiwa nachomoa kingine, nakiunganisha kitanzi kwa kitanzi, basi. Kufunga fundo gizani nakuweza, lakini kwa nini nijitese?

Tuje kwa inzi. Hapa maoni ya walimwengu yanakubaliana kwa namna ya kushangaza: kule Michigan, Marekani, ambako watu huvua trauti wakubwa usiku wa kiangazi, na kule Wales, na hapa kwetu, rangi ya usiku ni nyeusi. Samaki anawinda akitazama juu, na hata usiku usio na mwezi anga lina mwanga zaidi kidogo kuliko maji. Kitu cheusi kinachora umbo lake wazi zaidi juu ya anga hilo kuliko kitu cheupe. Rangi nyingine ni za kumfurahisha mnunuzi. Baada ya rangi kuna kichwa: inzi wa usiku awe na kichwa kinene cha nywele zilizobanwa, kinachosukuma maji. Samaki ana mstari ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, na gizani anautegemea sana. Inzi mwembamba anayepita bila kusukuma chochote, kwake hayupo.

Vifaa vya kufungia inzi si lazima viagizwe ng'ambo. Jogoo wapo. Nywele za mkia wa mbuzi zipo. Na mali bora kuliko zote iko saluni: nywele za bandia za kusukia rasta, nyeusi, za fedha, za zambarau, pakiti moja inakufungia inzi wa mwaka mzima. Soko la Owino hapo Kampala utazikuta zimepangwa ukutani, na muuzaji atakuuliza ni za mke au za binti. Mwambie za sangara, uone uso wake. Ndoano iwe namba 4/0 hivi, yenye shina imara, na kijino chake kibane kwa koleo mpaka kilale. Hilo ni kwa ajili ya samaki unayemrudisha, na zaidi kwa ajili ya shingo yako na ya jirani yako kwenye mashua. Kwa sababu hiyohiyo vaa miwani, ya kioo cheupe, hata kama macho yako ni mazima, na kofia yenye ukingo.

Sasa taa. Jicho la binadamu linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwali mmoja mweupe wa tochi unakurudisha mwanzo. Mwanga mwekundu haulisumbui sana, kwa sababu zile chembe za jicho zinazoona gizani karibu haziuoni wekundu. Kwa hiyo taa ya kichwani yenye balbu nyekundu ndiyo kifaa pekee cha gharama ambacho nitakushauri ununue kipya. Ila usiivae kichwani. Ivae shingoni, ikitazama chini kwenye mikono. Ukiivaa kichwani, wadudu wa ziwani watakuingia puani na mdomoni, hasa zile siku chache baada ya mwezi mwandamo, wanapopanda kutoka majini kwa mawingu yanayofanana na moshi, hata mtu wa pwani akadhani ng'ambo kunawaka moto.

Suruali ndefu za mpira za kusimamia majini, ambazo ndizo za kwanza kwenye orodha ya kila Mzungu, usinunue. Hapa hakuna kusimama majini usiku. Albert na mto wake zina mamba wengi, na hata Ziwa Victoria lilikuwa na yule wa Mayuge waliyempa jina la Osama, anayesemekana kuwaua watu zaidi ya 80 kabla hajakamatwa mwaka 2005. Viboko nao usiku wako nchi kavu wakila nyasi, na mtu aliyesimama ukingoni amesimama kati yao na maji yao. Kichocho kipo kila mahali kwenye mialo ya Albert. Vua ukiwa ndani ya mashua. Pesa ya suruali inunulie jaketi la kuokolea, la kweli, linalofungika, kwa sababu upepo wa Albert hushuka kutoka kwenye magenge bila hodi. Mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Maji ya kunywa. Basi kwa mavazi.

Yote haya ni maandalizi ya jambo moja, ambalo sikulipata kwenye maandishi ya Wazungu. Nimelipata kwa wavuvi wa taa.

Usiku wa giza, Albert inawaka. Mashua za kuvua muziri na ragoge, samaki wadogo wa huku, ambao kazi yao ni sawa na ile ya mukene kwa watu wa Victoria, au dagaa kwa watu wa Mwanza, hutawanya taa zao juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, zenye sauti na harufu ya mafuta ya taa. Leo nyingi ni balbu za betri au sola. Mwanga unawakusanya viumbe wadogo na wadudu, muziri wanafuata chakula, na nyuma ya muziri anakuja mwenyewe. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti, na mashua nyingi hupumzika.

Mzee mmoja Mualur ninayekwenda naye majini aliniona siku moja nikirusha katikati ya mwanga, pale muziri walipokuwa wakimetameta.

"Mwanangu," akasema, "pale ni sokoni. Mwizi hakai katikati ya soko."

Akanionyesha kwa kafi. Kutoka kwenye taa, mwanga unakwenda ukififia, kisha kuna mahali maji yanageuka kutoka kijani kuwa meusi. Si mstari ulionyooka, unacheza na mawimbi, lakini upo. Sangara anakaa upande mweusi wa mpaka huo, uso ukielekea kwenye mwanga. Nyuma ya mboni yake kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana ukimmulika macho yanawaka dhahabu. Yeye anawaona muziri vizuri, wao hawamwoni. Kwa hiyo unarusha gizani, mita mbili tatu nje ya mpaka, kisha unamvuta inzi aingie kwenye mwanga, au umpitishe sambamba na mpaka, ambayo ndiyo naipenda. Hapa tu ndipo navunja sheria yangu ya weusi. Kwenye ukingo wa taa natumia inzi mwembamba wa fedha, urefu wa kidole, umbo la muziri aliyepotea njia. Nje kabisa ya mwanga narudi kwa mweusi mwenye kichwa kinene.

Akila juu ya maji utamsikia kabla hujamhisi: sauti nzito, fupi, ya maji kumezwa. Akila chini hakuna sauti. Mshipi unakuwa mzito tu, umesimama kwenye kidole. Wengi hapo huinua fimbo juu, na wengi hapo humkosa. Fimbo iache ikielekea kwenye maji, uvute mshipi kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, mara mbili, mpaka ndoano iingie. Ndipo rili inaanza kulia, na kuanzia hapo unasikiliza.

Kuhusu mwezi, watu wa taa watakwambia giza totoro ndilo zuri, na kwa kazi yao wako sahihi. Mimi napenda siku ya nne au ya tano baada ya mwezi mpevu. Kila siku mwezi unachelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo siku hizo una giza mpaka saa nne au saa tano, unavua kwenye taa. Kisha mwezi unapanda, taa zinapoteza nguvu, muziri wanatawanyika, na sangara waliokuwa wamejipanga mpakani wanaanza kuzurura. Hapo inzi mweusi anayepita juu juu ana soko.

Makubaliano na mashua yafanywe nchi kavu. Mafuta ya injini mnagawana. Wakianza kuvuta nyavu, wewe unakunja mshipi na kukaa, kwa sababu inzi mmoja kwenye wavu wa muziri ni kazi ya kushona ya asubuhi nzima, na hutasamehewa. Doria nazo zipo. Mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kusimamia uvuvi kwenye maziwa yetu, na usiku watu wa doria wanaweza kukusogelea kuuliza. Beba kitambulisho na kibali chako kwenye mfuko wa plastiki, na usiwe na haraka. Askari mmoja aliwahi kufungua kisanduku changu cha inzi, akamulika, akachukua mmoja kwa vidole viwili.

"Hizi ni nywele za nani?"

"Za saluni, afande."

Akamgeuzageuza, akamwita mwenzake aje aone, wakataka niwaonyeshe anavyorushwa. Nikarusha. Mzee alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia, anacheka.

Sangara asiyefika inchi 20 anarudi majini, hiyo ni sheria. Aliyezidi, kwenye mashua ya Mzee, ni wa mashua: mimi napewa kipande cha mkia, kinachobaki kinauzwa mwaloni alfajiri pamoja na muziri. Nilipojaribu kumweleza kwamba huko ng'ambo watu humrudisha hata mkubwa, alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza mafuta ya injini hulipiwa na nani.